Karatasi za usiku uliopita salama

Mama yangu yuko Tanga, mimi niko Columbus, jimbo la Ohio. Majira ya joto, saa sita ya usiku ya huku ni saa moja ya asubuhi ya kule. Yeye ndiyo anainjika chai, mimi zamu ndiyo inaanza kukolea, na hiyo ndiyo saa anayopenda kunipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujalala mpaka saa hizi?"

"Niko kazini."

"Kazi gani hiyo ya kukesha kama mlinzi? Unalinda nini hasa?"

Siku ya kwanza aliponiuliza hivyo nilijibu bila kufikiri: "Makaratasi, mama." Akataka kujua ya nani. Nikamwambia ya kompyuta, ila hayachapwi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hayo si makaratasi," akaanza habari za harusi ya binamu yangu.

Tangu siku ile nimejaribu mara nyingi kumjibu vizuri zaidi, na mara zote harusi imenishinda. Naandika hapa basi, kwa yeyote mwenye subira kuliko mama.

Kampuni ninayoifanyia kazi inauza bima. Mchana mashine yake kubwa, hiyo meinfremu, inahudumia watu: mteja anapiga simu kuuliza salio, karani anafungua skrini, jibu linarudi kabla hajamaliza kukohoa. Usiku watu wakienda zao, mashine inashika kazi za mafungu. Ankara zinatengenezwa, malipo yaliyoingia mchana yanapelekwa kwenye akaunti za wenyewe, barua za kukumbusha wenye madeni zinaandaliwa. Kila kipande cha kazi hiyo tunakiita jobu. Kwa usiku mmoja zinapita maelfu, zikisukumwa na programu ya ratiba inayojua kwamba hii isianze mpaka ile imekwisha, na ile isianze mpaka faili fulani limefika. Sisi wa zamu hatuzianzishi. Tunazitazama zikipita, kama mtu aliyekaa kibarazani akihesabu daladala, na tunanyanyuka pale moja inapopinduka.

Kila jobu, imepita salama au imepinduka, inaacha maandishi nyuma yake. Ilianza saa ngapi, ilishika mafaili gani, kila hatua ilimalizika vipi, programu yenyewe ilisema nini, na ripoti iliyokusudiwa. Maandishi hayo ndiyo makaratasi yangu, na pahali yanapokaa panaitwa spuli.

Mtu wa Tanga hana haja ya kuelezwa sana spuli. Miaka na miaka, kabla bandari yetu haijachimbwa kina hivi karibuni, meli kubwa hazikufika gatini. Zilitia nanga mbali, matishari yakaenda kuchukua mzigo na kuuleta pwani kidogo kidogo. Spuli ni tishari la kompyuta. Programu inadhani inaandika kwenye printa, mstari baada ya mstari. Printa ni mzee anayetembea kwa fimbo, na programu ingemngoja ingekesha. Kwa hiyo kila mstari unapokewa njiani na kuwekwa kwenye diski, programu inamaliza shughuli zake na kuondoka, na mzee wa fimbo anakuja kuchukua mzigo kwa wakati wake. Siku hizi mara nyingi haji kabisa. Mzigo unabaki ndani ya tishari, na hapo ndipo mimi naajiriwa.

Nahodha wa tishari ni programu iitwayo JES2. Babu yake alizaliwa Houston miaka ya 1960, pale watu wa IBM waliokuwa wakiihudumia NASA walipoandika programu waliyoiita HASP, H ikiwa ni ya Houston. Watu wakaenda mwezini wakarudi, programu ikabadilishwa jina, lakini mpaka usiku wa leo ujumbe wa JES2 ukitokea kwenye konsoli unaanza na $HASP. Jobu ikianza tunaona $HASP373. Ikiisha, $HASP395. Ikifutwa yenyewe na maandishi yake yote, $HASP250. Huyo wa mwisho mmuweke kando, ana kesi na mimi.

Mashine hizi zina kumbukumbu ndefu ya vitu vilivyokwisha kufa. Printa ya IBM 1403 ilitoka mwaka 1959, na toleo lake la kasi, N1, lilipiga mistari 1,100 kwa dakika: kwa karatasi ya mistari 66, ni karibu kurasa 17 kila dakika, kwa kelele ambayo wazee wanasema ilisikika mpaka kwenye maegesho. Leo iko makumbusho. Ila hakuna aliyeziarifu programu. Mpaka leo ripoti zetu zina herufi 132 kwa upana kwa sababu mkono wa printa ile uliishia hapo, na mbele ya mstari wa kwanza wa kila ukurasa kuna tarakimu 1 ambayo maana yake ni "vuta karatasi mpya". Karatasi haipo, printa haipo, amri ya kuvuta inatolewa usiku kucha. Mwanzoni nilicheka. Sasa naiona kama adabu fulani.

Aliyenifundisha kusoma maandishi haya ni mama mmoja wa Kimarekani aliyeanza kazi enzi za karatasi zenye mistari ya kijani. Amestaafu, jina lake nitamwachia mwenyewe. Kimoyomoyo nilikuwa namwita Bi Mkubwa. Mikono yake ilikuwa haishiki kipanya. Aliandika ST kwenye SDSF, skrini ya kutazamia jobu na maandishi yake, akaweka alama ya kuuliza kando ya jina la jobu, na yale maandishi yakafunguka vipande vipande: JESMSGLG, ambamo mashine inasimulia yaliyotokea kwa saa na dakika, JESJCL, ambamo maagizo tuliyotoa yanarudishwa kwetu kama risiti, JESYSMSG, ambamo kila hatua inaeleza ilitengewa nini na ikaishaje. Chini yake ndiyo yanakuja ya programu yenyewe.

Kila hatua inaisha na namba. Sifuri maana yake salama. Nne maana yake salama lakini nina neno. Nane, kumi na mbili, kumi na sita, hapo unaamsha watu. Na kuna kupinduka kwenyewe, tunakokuita abendi: S0C7 pale programu ilipokuta herufi mahali ilipotaka kufanya hesabu, S322 pale muda iliopewa ulipokwisha, SB37 pale faili lilipojaa. (Kuna pia kanuni ya COND ya kuamua hatua ipi irukwe, iliyoandikwa kinyumenyume: unaiambia lini hatua isifanyike, wewe akilini unawaza lini ifanyike. Nimeona watu wa miaka ishirini kazini wakiisoma kwa vidole. Sitaieleza, tutakesha.)

Wengi wanaojifunza kazi hii wanaishia kwenye namba. Bi Mkubwa alikuwa akiitazama namba kama unavyotazama mtu anayejibu "salama tu" kabla hujamaliza kumsalimu. Jobu ikipinduka, alikuwa hasomi maandishi ya jobu iliyopinduka peke yake. Alifungua na ya jana. Aliyaweka juu na chini kwenye skrini moja, akashuka nayo sambamba mpaka pale yalipoachana. Na kabla hajagusa kitu alikuwa na swali lilelile, akiliuliza hewani kana kwamba anaongea na mashine: jana ilisemaje?

Nilimwona kama mtu mwenye mazoea ya kizee. Nilikuwa nimetoka chuoni na najua kuandika vitu vya kujiendesha vyenyewe.

Usiku mmoja wa Novemba programu moja ilikwama ikazunguka mahali pamoja, na kila ilipozunguka iliandika mstari. Mwandishi wake alikuwa ameacha ndani amri ya kuonyesha maelezo alipokuwa akiijaribu, akasahau kuiondoa. Konsoli ilinionya mapema: $HASP375, jobu hii imezidi idadi ya mistari iliyokadiriwa. Lakini onyo hilo linatoka kwa jobu kadhaa kila usiku kwa sababu makadirio yenyewe yaliwekwa zamani na watu wasiokuwepo tena, kwa hiyo nilikuwa nimejizoesha kutoliona, kama mtu wa mjini na honi. Kisha likaja $HASP050, kwamba nafasi kwenye spuli imepungua, asilimia 80 imeshatumika. Hilo nililiona. Nikaanza kutafuta mkosaji kwa utaratibu niliofundishwa, ukurasa kwa ukurasa, na wakati natafuta ikawa 91.

Spuli ikijaa hakuna moshi wala king'ora, na ndiyo inavyotisha. Jobu zinazotaka kuandika zinasimama tu zilipo, hazifi wala haziendi. Jobu mpya haziingii. Mfanyakazi anayejaribu kuingia kwenye mfumo anakataliwa, kwa sababu hata kuingia kwake kunahitaji nafasi humo humo. Maana yake unaweza kufungiwa nje ya nyumba inayoungua, na ndoo zote ziko ndani.

Bi Mkubwa aliamka kitini bila haraka, akaenda kwenye konsoli kuu ambayo haihitaji kuingia, akaandika amri moja fupi ya kuikata jobu ile na kuyafuta maandishi yake papo hapo. Asilimia ikaanza kushuka. Iliandika mistari milioni kumi na mbili. Baadaye, kwa kujiliwaza, nilipiga hesabu: printa ya 1403 ingechapa mistari hiyo kwa zaidi ya siku saba, usiku na mchana bila kupumzika, kurasa zaidi ya 181,000 za maneno mamoja.

Kesho yake kulikuwa na kikao, na kwenye kikao mimi nilikuwa na dawa.

JES2 inakuruhusu kuyapanga matokeo kwa klasi, herufi A mpaka Z na tarakimu 0 mpaka 9, thelathini na sita kwa jumla. Kila klasi unaweza kuipa masharti mawili: jobu ikiisha vizuri maandishi yake yafanywe nini, na ikiisha vibaya yafanywe nini. Yaani OUTDISP=(PURGE,HOLD): ikiisha vizuri futa, ikipinduka shikilia. Nilionyesha kwamba sehemu kubwa ya spuli yetu ni maandishi ya jobu zilizopita salama, ambayo hakuna mtu anayeyafungua. Tunayatunza ya nini? Nikasema, nakumbuka vizuri kwa sababu nilijivunia, kwamba mashine inayofanya kazi vizuri haina habari.

Wakubwa walipenda. Bi Mkubwa aliuliza swali moja tu: ikipinduka, jana ilisemaje utaijua wapi? Nikamjibu kwamba jana ilisema sifuri. Watu wakacheka kidogo, na yeye akacheka nao, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Klasi ikabadilishwa. Spuli ikapumua. Kwa miezi mitatu sikuona $HASP050 hata mara moja, na kwenye tathmini yangu ya mwaka likaandikwa neno zuri.

Sasa niwaeleze jobu inayoanza saa saba na robo usiku. Kazi yake ni kupokea faili la malipo linalotoka nje ya kampuni, kulisoma mstari kwa mstari, na kuingiza kila malipo kwenye akaunti ya mwenye bima. Mwisho inaandika ripoti fupi ya hesabu: rekodi zilizosomwa, zilizokubaliwa, zilizokataliwa, jumla ya fedha. Ukurasa mmoja. Siku moja huko faili linakotoka walibadilisha kitu, na faili likaanza kuja na kichwa tu. Mstari wa kwanza wenye tarehe, halafu hakuna.

Programu ilifanya kila ilichoagizwa. Ikafungua faili, ikasoma kichwa, ikaona tarehe ni sahihi, ikatafuta malipo, ikafika mwisho. Hakuna kosa hapo. Hakuna aliyewahi kuiambia kwamba usiku bila malipo ni jambo la ajabu. Ikaandika kwenye ripoti yake, kwa uaminifu kabisa: rekodi zilizosomwa, 0. Ikarudisha namba sifuri. Ratiba ikapaka jobu rangi ya kijani na kuwaachia waliokuwa wakiingoja. JES2 ikaona imeisha vizuri, ikatii klasi yangu, ikafuta.

Kisha usiku wa pili. Wa tatu. Wa nne.

Siku ya tano simu zikaanza kuingia kwa wahudumu wa wateja. Watu waliolipa bima yao walikuwa wamepokea barua za kuwakumbusha kulipa. Mmoja wao, nilisikia, alikuja na risiti yake ya benki mkononi mpaka mapokezi. Mzee wa watu. Jambo la barua mimi naliona baya kuliko spuli kujaa, kwa sababu spuli ikijaa tunaumia sisi.

Swali la kwanza kwenye chumba cha dharura lilikuwa la mtoto mdogo: limeanza lini? Tungelijibu kwa dakika mbili kama tungekuwa na zile kurasa moja moja za usiku nane au tisa zilizopita. Usiku huu elfu arobaini na kitu, usiku huu elfu arobaini na kitu, usiku huu sifuri. Basi. Lakini hazikuwepo. Faili lenyewe la malipo lilikuwa likiandikwa juu ya lile la jana yake, jina lilelile, kwa hiyo nalo lilikuwa na usiku mmoja tu. Nikafungua kumbukumbu ya konsoli, nikatafuta jina la jobu, na kila usiku nikamkuta pale, amekaa sekunde chache tu baada ya $HASP395: $HASP250, imefutwa. Mashine ilikuwa imetunza risiti ya kila nilichotupa, isipokuwa kitu chenyewe.

Bi Mkubwa hakusema neno juu ya kile kikao, na hilo sijaacha kumshukuru. Alikwenda kwenye SMF.

SMF ni daftari ambalo mfumo wa uendeshaji wenyewe unaandika, na haliko chini ya klasi ya mtu. Lina rekodi za aina nyingi, kila aina na namba yake. Aina ya 26 huandikwa JES2 inapoiondoa jobu, kwa hiyo hata kufuta kuna cheti chake. Aina ya 30 huandikwa kila hatua ya jobu inapoisha, na ndani yake kuna sekunde za kichakataji zilizotumika na, kwa kila faili lililofunguliwa, idadi ya safari zilizofanywa kwenda kusoma au kuandika. Hayo ya safari yaliwekwa ili kampuni ijue nani atozwe kiasi gani kwa kutumia mashine. Bi Mkubwa aliyasoma kama mpelelezi anayesoma nyayo. Alichapa orodha ya usiku kumi na nne wa hatua ile moja. Safari za kusoma faili la malipo: mamia, mamia, mamia, mamia, kisha usiku wa Jumanne tarakimu moja. Na kuanzia hapo tarakimu moja kila usiku.

"Jumanne," akasema.

Waliotutumia mafaili wakayatuma upya, malipo yakaingizwa yakiwa na tarehe zake za asili, barua za kuomba radhi zikaenda. Hiyo sehemu ilikuwa kazi ya siku mbili, na watu waliifanya vizuri.

Sehemu yangu ilikuwa kuirudisha klasi ilivyokuwa, na kila mtu alitarajia nitaishia hapo. Lakini kuirudisha tu kungenirudisha Novemba. Tatizo la spuli kujaa lilikuwa la kweli, na bado ni la kweli. Nilichokuwa nimekosea ni kuyachukulia maandishi yote ya jobu kuwa kitu kimoja, na kuiachia namba ya mwisho iamue yaishi au yafe. Namba hiyo inatoka kwa jobu yenyewe. Ni sawa na kumwachia mtuhumiwa ndiye apange faili zipi za kesi zichomwe.

Kwa hiyo tulikaa, mimi na Bi Mkubwa, majuma kadhaa katika ile saa tulivu baada ya saa tisa usiku, tukapita jobu moja baada ya nyingine tukiuliza kila kipande cha maandishi kina kazi gani. Maelezo ya majaribio yaliyosahauliwa ndani ya programu yalipata klasi yao, tena na kikomo: tuliweka OUTLIM, yaani idadi ya juu ya mistari, kwenye agizo, na programu ikivuka mistari hiyo inakatwa kwa S722, hata kama sisi tumesinzia. Zile ripoti za ukurasa mmoja za hesabu zilitolewa kabisa kwenye spuli. Sasa zinaandikwa kwenye GDG, faili lenye vizazi: kila usiku kinazaliwa kizazi kipya, na idadi tuliyoipanga ikitimia, cha zamani kabisa kinajiondokea chenyewe. Tulipanga vizazi thelathini na tano ili mwezi uliopita uonekane wote na siku kadhaa za ziada. Vile vipande vitatu vya JES vya jobu zilizopita salama vinakaa majuma mawili. Na jobu ya saa saba na robo sasa ikisoma sifuri inamaliza na nane, hata faili likiwa safi kiasi gani.

Kuna wanaosema, na wana hoja, kwamba kutunza maandishi ya mafanikio ni gharama. Nimewahi kupiga hesabu kwa kalamu. Tuchukue mistari 400 kwa jobu, herufi 133 kwa mstari ukihesabu na ile ya mbele ya kuvuta karatasi, jobu 5,000 kwa usiku. Ni megabaiti 266. Mwaka mzima haujafika gigabaiti 100. Inaingia kwenye simu niliyoishika kuongea na mama, nafasi ikabaki. Ndiyo, diski ya meinfremu si ya simu, lakini sidhani kama bei ya diski ndiyo sababu ya watu kufuta. Watu wanafuta kwa sababu jambo lililokwenda vizuri linaonekana limekwisha.

Hoja yenye uzito zaidi ni nyingine, nayo haisemwi sana. Maandishi ya jobu yana majina ya watu. Programu ikitema rekodi iliyoikataa, imetema jina la mteja, namba ya bima yake, pengine na tarehe ya kuzaliwa, mahali ambapo mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuangalia jobu anaweza kusoma. Unaweza kufunga mlango kwa RACF, programu ya ulinzi inayoamua nani aone nini, kwenye klasi yake ya kanuni iitwayo JESSPOOL, na sisi tumeufunga. Lakini kisichokuwepo hakivuji. Kwa hiyo tunatunza hesabu kwa muda mrefu na tunatupa majina upesi, na pale ripoti moja inapobeba vyote viwili tunagombana na waandishi wa programu mpaka waitenganishe. Ugomvi huo haujaisha. Kuna ripoti moja ya madai ya matibabu tuliyoigombea tangu mwaka juzi.

Vijana wanaoingia sasa hawatumii hata ile skrini nyeusi. Wanavuta maandishi ya jobu kwa Zowe, zana ya kisasa ya kuifikia meinfremu, mpaka kwenye kihariri chao cha kila siku, yenye rangi na vifungo. Sina kinyongo. Mmoja wao aliandika kitu kidogo kinachochukua ripoti ya usiku huu na ya jana na kuonyesha zilipoachana, jambo ambalo Bi Mkubwa alilifanya kwa macho. Nilimtumia picha ya skrini huko alikostaafia. Alijibu kwamba ni nzuri, na akauliza kama inajua pia Jumatatu ilinganishwe na Jumatatu iliyopita na si na Jumapili. Ilikuwa haijui.

Mama alipiga tena juzi. Binamu ana mtoto sasa, miezi miwili, anafanana na upande wa baba. Nilipata nafasi ya kuuliza hali ya mvua, na yeye, labda kwa huruma, akaniuliza kuhusu kazi.

"Na hayo makaratasi yako yasiyochapwa? Yameamkaje leo?"

Nikatazama saa ya ukutani. Sita na dakika ishirini.

"Bado, mama. Yanatoka saa saba na robo."

"Na ya jana je?"

Jana zilisomwa rekodi 41,806. Nilimtajia. Akarudia namba ile taratibu, kama anayeiandika pembeni ya kalenda, akasema chai imepoa.